Kabini Isiyo na Dirisha

Uchovu wa Achola haukuwa wa siku moja. Ulikuwa wa kujikusanya, kama vumbi la viwanda vya simiti juu ya mabati ya Kitengela: leo hulioni, kesho hulioni, lakini ukipanda juu baada ya miaka kumi unalikuta limeshikana kama ngozi.

Alianza kazi mwaka wa themanini katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa ya Nairobi, mke mchanga wa Opiyo wa reli, ametoka Ugenya juzi. Shuka za wodi, gauni za madaktari, blanketi za watoto, vyote vilipita mikononi mwake, na mikono hiyo ikapauka kwa jiki hata kucha zikakosa rangi. Opiyo alipopunguzwa kazi mwaka wa tisini na tatu alirudi Ugenya kulima. Achola akabaki, kwa sababu mshahara uliosalia katika ndoa yao ulikuwa wake. Akahama nyumba za reli, akatafuta chumba cha bei nafuu, na bei nafuu siku hizo ilikuwa Kitengela.

Mwenye ploti alikuwa Nyakio, mama mnene wa kutoka Nyeri, mwenye sauti, aliyefika huko na mumewe Wahome wakati pundamilia walikuwa wengi kuliko watu. Walijenga vyumba sita vya mawe kwa safu, wao wakakaa nyumba ya mbele. Achola alipewa nambari tatu. Kwa miaka kumi alitoka kabla jogoo hajawika na kurudi jua likizama, na kila jioni alimkuta Nyakio amesimama mlangoni.

"Mama Bev, umefika?"

"Nimefika, Mama Githinji. Miguu ndiyo bado iko njiani."

Bev alikuwa Beverlyne, kifungua mimba wa Achola, aliyeolewa Rongai. Githinji alikuwa mtoto pekee wa Nyakio, naye alikwenda Amerika kuendesha malori na hakurudi, ila kwa simu.

Wahome mwenyewe alikuwa mtu mkimya, mchuuzi wa mbuzi. Siku za soko alishuka Bisil alfajiri na kurudi jioni ndani ya sweta ya kijani iliyotoboka viwiko, na Nyakio akawa anamkemea kabla hajavuka lango: avue, aioshe, aichome, afanye lolote lakini asiiingize ndani. Wahome alikuwa akicheka kwa pua na kuiingiza ndani. Mwezi wa Agosti, mwaka wa elfu mbili na tatu, homa ya mapafu ilimshika Jumatatu, na Ijumaa akafa.

Sasa, kabla ya kifo hicho Githinji alikuwa amewanunulia wazazi wake safari ya meli ya watalii kusherehekea miaka arobaini ya ndoa yao. Siku kumi na mbili: kutoka Mombasa, kupitia Zanzibar, Mayotte na Madagaska, mpaka Shelisheli na kurudi. Baada ya mazishi, kampuni ilikubali jina moja libadilishwe. Mwezi wa Januari Nyakio akabisha nambari tatu, bahasha mkononi.

"Mama Bev, uko na likizo?"

"Niko na ya miaka mitatu, sijachukua."

"Basi twende kwa meli."

Achola alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Kwa nini usiende na dada yako?"

"Dada yangu ataongea. Wote wa kwetu wataongea, ooh Wahome hivi, Wahome vile. Wewe huongeangi. Wewe unakuja, unakaa, unachoka tu. Nataka mtu kama huyo."

Achola hakuwahi kuona bahari, wala hakuwa na hamu nayo. Alichokubali, akikiri ukweli, ni zile siku kumi na mbili za kutofua.

*

Walipandishwa meli Mombasa mwezi wa Februari, wakipita korido ndefu kama ya wodi, zulia lake jekundu, milango pande zote mbili. Mhudumu wa kabini yao alikuwa mtu wa Machakos aitwaye Maundu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa ametandika vitanda vya meli kwa miaka minane. Alifurahi kuwaamkia abiria kwa Kiswahili hata akasahau kuwaonyesha swichi.

Kabini ilikuwa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na urefu wa mkono, kabati, na bafu ambamo ukigeuka ghafla kiwiko kinagonga ukuta. Kwenye ukuta wa mbali lilining'inia pazia zito la buluu. Nyakio aliweka sanduku chini, akaenda moja kwa moja kulivuta. Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta mweupe.

"Maundu! Dirisha iko wapi?"

Maundu alijikuna shingo. "Mama, hii ni kabini ya ndani. Haina dirisha. Pazia waliweka ndio mtu asijisikie vibaya."

"Ndio mtu adanganywe."

"Wengi wakisafiri mara ya kwanza hawaulizi. Wanafikiria kabini ni kabini." Akawaeleza taratibu: kuna za chini zenye dirisha la duara karibu na maji, kuna zenye dirisha kubwa, kuna zenye dirisha kubwa lakini mashua ya uokoaji imening'inizwa mbele yake, na kuna za juu zenye roshani, ambako mtu anakunywa chai akitazama bahari. Zote zilikuwa na wenyewe. "Akitoka mtu, nitakuja kuwaambia."

Nyakio alikaa kitandani, mkoba ungali begani. "Kwangu nikifungua dirisha ya jikoni naona ng'ombe za jirani Sironka mpaka mtoni. Huku nimeletwa kuangalia rangi."

Achola alikuwa amejinyoosha kidogo ili mgongo upumue, na giza la kile chumba lilikuwa zuri. Hapakuwa na nuru ya kumwambia ni saa ngapi, na chini kabisa mashine za meli zilinguruma bila kumtaka afanye kitu. Alilala akiwa na viatu.

Akalala Zanzibar ikipita. Alikuwa akiamka, anakwenda bafuni, anarudi, analala. Nyakio alipanda juu kula na kutembea, akirudi na mkate uliofungwa kwa kitambaa cha meza.

"Kula. Halafu ulale tena."

"Ni saa ngapi?"

"Hata mimi sijui. Hapa ndani ni saa ya kuku, giza likiingia mtu analala."

Ilikuwa alasiri ya siku ya tatu Achola alipofumbua macho na kujikuta hana usingizi tena. Nyakio hakuwepo. Aibu ikamshika. Mtu amekuleta baharini kwa tiketi ya marehemu mumewe, nawe unalala kama mtoto mchanga, unaletewa mkate. Akatafuta namna ya kurudisha mkono, na macho yake, kwa mazoea, yakatua kwenye nguo chafu.

Alimuuliza Maundu koridoni.

"Iko mfuko kwa kabati," Maundu akasema. "Mnaweka nguo, nachukua, siku ya pili zinarudi zimepigwa pasi. Lakini kila kipande iko na bei yake, hata soksi. Ama kuna chumba ya abiria huko juu, ghorofa ya saba. Mashine tatu, za kukausha mbili, pasi ziko huko. Pasi kwa kabini ni marufuku, wanaogopa moto. Asubuhi watu wanapigania mashine, lakini saa hii wako kwa kuogelea."

"Na ile kamba nimeona bafuni?"

"Hiyo ni ya kuanika soksi. Shati halikauki, hakuna hewa."

Achola akakusanya zake. Za Nyakio zilikuwa ndani ya sanduku lililoachwa wazi chini ya kitanda, zimetupiwa huko moja baada ya nyingine. Akazitoa zote, na chini yake akakuta mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na sweta ya kijani.

Aliitambua kabla haijatoka nusu. Akaiweka puani, si kwa sababu yoyote, bali kwa sababu mfuaji hunusa kwanza ndipo ajue nguo inataka maji gani. Kisha akakaa nayo magotini.

Hospitalini, nguo za aliyefariki zilikuja zimefungwa peke yake. Achola alizifua kabla ya nyingine zote, hata kama shuka za wodi zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani, ili jamaa wakija wazipokee safi, zimekunjwa. Hakuna aliyemwamuru. Ilikuwa heshima yake mwenyewe, aliyoitoa kwa miaka ishirini na minne kwa watu asiowajua. Sasa huyu alimjua. Akafikiri: miezi sita imepita na Mama Githinji hajapata nguvu ya kuifua. Kazi iliyomshinda, nitamfanyia mimi.

Ghorofa ya saba alimkuta mzee mmoja Mzungu akimimina sabuni ndani ya mashine ya kukausha. Akamshika mkono, akatikisa kichwa, akamwonyesha ile nyingine. Mzee akacheka mpaka miwani ikashuka. Nguo za kawaida Achola akazitia mashineni. Sweta aliifua kwa mkono, kwenye sinki, kwa maji baridi, akiibonyeza bila kuisugua, akaisuuza hadi maji yakatoka meupe. Akaikamua ndani ya taulo, akairudia na taulo la pili, akaipitisha kwenye hewa ya uvuguvugu ya mashine ya kukausha mpaka ikakauka. Alipomaliza aliikunja, akaiweka juu ya mto wa Nyakio, akaketi kumngoja.

Nyakio aliingia akiwa na chumvi ya bahari usoni. Akaiona. Akaiinua, akaipeleka puani. Akaigeuza, akanusa kola, akanusa kwapa moja, akanusa la pili.

"Umeosha?"

"Nimekuoshea, Mama Githinji. Kwa maji baridi. Haijapungua hata kidogo."

"Nani alikutuma?"

Achola akainuka kitandani.

"Nimekuuliza, nani alikutuma? Wewe kila kitu ukiona ni kuosha tu? Unafikiri nilibeba hiyo sweta kwa meli iniletee joto? Hiyo ndiyo kitu ilikuwa imebaki!"

Akatoka na sweta mkononi, mlango ukajifunga nyuma yake polepole, kama milango ya meli inavyojifunga.

*

Kutoka Mayotte mpaka Madagaska hawakusemezana. Ni vigumu kununiana katika chumba ambamo mmoja akitaka kupita lazima mwingine ainue miguu, lakini waliweza. Usingizi wa Achola ulikatika. Alishinda akizurura koridoni, na mara nyingi alijikuta ghorofa ya saba, ameketi kati ya mashine, akikunja taulo za watu ambao hawakumwomba.

Meli ilipotia nanga Madagaska, Maundu akaja amefurahi. Kulikuwa na mzee amepata ugonjwa wa moyo, ameshushwa pamoja na mkewe. Kabini yao ilikuwa ghorofa ya sita, na ofisi imekubali kuwapa hawa wamama.

"Iko na dirisha kubwa. Mashua inafunika kidogo, lakini dirisha ni dirisha."

Nyakio hakumtazama Achola. "Huyu atabaki hapa. Nitaenda peke yangu."

Achola alimbebea sanduku mpaka juu, kwa sababu goti la Nyakio lilikuwa likimsumbua kwenye ngazi. Mlangoni Nyakio alilipokea na kuufunga mlango. Achola akarudi chini, akakaa akilitazama lile pazia. Alifikiria ni wapi Kitengela angepata chumba kingine, na ni nani angemsaidia kuhama, na kwamba angerudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyotoka. Hakulia. Hata kulia kulitaka nguvu.

Siku ya pili, katikati ya asubuhi, mlango uligongwa. Nyakio aliingia, sweta ameikumbatia, akakaa kwenye kitanda chake cha zamani.

"Hiyo dirisha ni bure," akasema. "Nafungua pazia, naona tumbo ya mashua. Ni kama kulala chini ya ng'ombe. Pembeni kuna maji hivi." Akaonyesha upana wa vidole vitatu.

Achola hakujua kama acheke au la.

"Mama Bev. Kabla uoshe, ulinusa?"

"Nilinusa. Ni mazoea ya kazi."

"Ulisikia nini?"

"Nisamehe, Mama Githinji, mimi nilidhani..."

"Sijauliza msamaha. Nimeuliza harufu."

Achola akafumba macho. Pua yake ilikuwa imefundishwa na marundo ya kila namna; ilijua kutenganisha damu na dawa, maziwa na matapishi. Akairudisha kwenye ile alasiri.

"Ya kwanza ilikuwa mbuzi," akasema. "Si mbuzi wa leo. Mbuzi wa jana, amekauka kwa nguo. Halafu tumbaku ya kunusa, hapa kwa mkono wa kulia, nafikiri alikuwa anapangusa pua na mkono. Moshi ya makaa, mgongoni. Kwa kola, mafuta ya kujipaka. Na kwa makwapa jasho. Lakini si jasho ya kazi. Jasho ya homa iko tofauti, iko tamu kidogo."

Nyakio alikuwa ameinamia sweta. "Alivaa mpaka siku ya mwisho," akasema. "Nilimwambia avue, akasema anasikia baridi. Nikamgombeza, Mama Bev. Siku hiyo pia nilimgombeza."

Koridoni mtu alipita akisukuma kitoroli cha vyombo.

"Mimi nilikuwa sisikii tena. Tangu Novemba. Nafungua mfuko, nasikia nailoni peke yake. Nikasema labda harufu imeisha, ama ni pua yangu imekufa. Nikabeba nikisema huko baharini hewa ni tofauti, pengine nitasikia. Kumbe ilikuwa yote humo."

"Ilikuwa yote."

"Rudia."

Achola akarudia, polepole, kuanzia mbuzi. Alipofika kwenye tumbaku Nyakio alianza kulia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea, kama kukohoa. Achola alihamia kitanda cha pili, akakaa karibu naye, bega kwa bega, akaendelea mpaka mwisho.

Nyakio hakusema amemsamehe, siku hiyo wala baadaye. Alichosema, baada ya kupenga kamasi, ni hiki:

"Usioshe kitu yangu tena bila kuniuliza."

"Sitaosha."

"Na umwite Maundu alete sanduku yangu. Huko juu hakuna mtu wa kuchoka na mimi."

Maundu alilishusha sanduku akitikisa kichwa. Watu huomba dirisha kwa magoti, akasema, na huyu mama amepewa akalikataa. Shelisheli waliyaona mawe yake makubwa kutoka sitahani, wameketi kwenye viti vya turubai, Achola akisinzia na Nyakio akimwamsha kila kisiwa kilipojitokeza. Visiwa vilikuwa vingi. Mwishowe akaacha kumwamsha.

*

Jumatatu iliyofuata Achola alikuwa chumba cha kufulia kama kawaida. Wenzake walimuuliza kama amepumzika. Aliwaambia amepumzika siku tatu, wakadhani anatania. Bahari haikumtoa uchovu wake; ilimpa tu nafasi ya kuuona ulivyo mkubwa.

Alifanya kazi miaka mitatu zaidi, akastaafu mwisho wa mwaka wa elfu mbili na sita. Siku ya kuhama kurudi Ugenya, Sironka, yule jirani mwenye ng'ombe, alikuja na pikapu yake kumpeleka na vyombo mpaka stendi ya mabasi.

"Takwenya," aliwaamkia kwa Kimaasai wale wamama wawili waliosimama kati ya masufuria na magodoro.

"Iko," wakamjibu pamoja, kama wenyeji.

Nyakio alisimamia upakiaji kwa sauti ile ile, akigombana na kila aliyeshika kiti vibaya. Pikapu ilipojaa akaingia jikoni, akatoka na chupa ya chai na viazi vilivyofungwa kwenye gazeti. Akampa Achola, akamrekebishia kola ya koti, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa kwa mara ya kwanza katika miaka yote kumi na mitatu.

"Achola. Ukifika, piga simu. Hata kama umechoka."

"Nitapiga."

Huko Ugenya, asubuhi ya kwanza, aliamka saa yake ya siku zote, kabla ya ndege, akaketi ukingoni mwa kitanda akitafuta viatu kwa miguu. Opiyo, aliyezoea kulala peke yake, alishtuka.

"Unaenda wapi?"

Achola alibaki ameketi vile, mikono iliyopauka imelala mapajani, mpaka kukapambazuka na ng'ombe wakaanza kulia zizini wakitaka kukamuliwa.